Chungu cha Watu Ishirini

Nyanya yangu hajawahi kupima chungu kwa lita. Ukimuuliza kile kikubwa kilichoko pembeni mwa jiko kinabeba kiasi gani, atakujibu, "Hicho ni cha watu ishirini." Kile kidogo chenye ukingo uliomeguka ni cha watu wanane. Kuna kingine ambacho sikukiona kwa sababu kilivunjwa kabla sijazaliwa, na bado anakitaja kama anavyotaja ndugu aliyezikwa: "Kile cha watu arobaini."

Nilirudi kwake, karibu na Amagoro, safari fupi ya bodaboda kutoka Malaba, kabla mwaka wangu wa tatu chuoni haujaisha. Karo ilikuwa imekwama, na nilikuwa nimechoka kuambia watu kwamba itapatikana wiki ijayo. Shahada sikupata. Nilichorudi nacho ni simu, kompyuta yenye kioo kilichopasuka, na ile tabia ya chuo ya kuamini kwamba kila tatizo lina jedwali lake mahali fulani. Kwa hivyo mtu mmoja wa upande wa Adungosi alipokuja kuagiza pombe ya kumbukumbu ya marehemu babake, wageni zaidi ya mia, na nyanya akaniuliza tununue chombo cha ukubwa gani, nilijiona hatimaye nimepata kazi inayonifaa.

Nilidhani swali ni la hesabu. Hesabu ipo, na nitaieleza. Lakini kadiri nilivyozidi kumhoji nyanya ndivyo nilivyoona kwamba ukubwa wa vyombo vya pombe katika mpaka huu umeamuliwa mara nyingi na watu ambao hawakuwa na nia ya kunywa: watoza kodi, wabunge, marais, na hata wenye viwanda.

*

Nianze na upishi wenyewe, maana wengi tunakunywa tu.

Kwa Wateso kinywaji cha heshima ni ajon, pombe ya wimbi. Kwa majirani zetu Waluhya ni busaa, ambayo siku hizi hupikwa kwa unga wa mahindi na kimea cha wimbi. Waganda wa ng'ambo ya mto huiita ile ya kwetu malwa. Majina matatu, njia karibu moja. Wimbi linalowekwa kimea huloweshwa usiku kucha, likatandazwa na kufunikwa hadi lichipue, likaanikwa juani, likasagwa. Unga mwingine hukandwa na maji ukawa donge gumu, ukaachwa siku kadhaa uchachuke. Kisha donge hilo hukaangwa juu ya bati kubwa au nusu ya pipa lililopasuliwa, likigeuzwa kwa sepetu kama zege mpaka liwe chembe za kahawia zenye harufu ya mkate. Chembe hizo hupoa, zikachanganywa na kimea na maji ndani ya chungu, na baada ya siku mbili tatu chungu kinaanza kuongea. Ndivyo nyanya anavyosema. Weka sikio, utasikia.

Busaa hukamuliwa, machicha yakabaki kwa nguruwe na kuku. Ajon haikamuliwi. Machicha yenyewe huwekwa kwenye chungu cha kunywea, yakamwagiwa maji moto, na watu wakakizunguka na mirija mirefu, mita moja na nusu, wakati mwingine zaidi ya mbili, yenye kichujio kidogo nchani. Maji yakipungua huongezwa mengine ya moto, hadi ladha iishe. Mihuri ya kale ya Mesopotamia, yenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, ina picha za watu walioketi na mirija mirefu mbele ya mtungi mmoja. Niliona moja ya picha hizo kwenye simu nikamwonyesha nyanya. Aliitazama kwa makini, akauliza ni kwa nani.

Kazi ya kukaanga ina sababu yake. Wanga wa nafaka mbichi umejifunga. Moto na maji huufungua, na kimea kikaweza kuukatakata uwe sukari. Sukari ndiyo hamira inayoila ikatoa kileo. Watu wa Marekani na Uingereza wanaopika bia nyumbani kwa nafaka tupu hufika palepale kwa njia nyingine. Huloweka kimea cha shayiri kilichopondwa katika maji ya joto la nyuzi 65 hivi, ndani ya pipa lililovikwa vizuri lisipoteze joto, kwa muda wa saa moja. Kwao swali la ukubwa wa pipa hilo ni swali zito. Likiwa dogo, huwezi kupika bia kali, kwa sababu bia kali hudai nafaka nyingi. Likiwa kubwa kupita kiasi, nafaka inalala chini kama uji kwenye karai, joto linapotea, na kimea kinaacha kazi njiani.

Hapo ndipo nilipopata jedwali langu. Kilo moja ya nafaka kavu, ikizama ndani ya maji, hukalia takriban nafasi ya lita 0.7. Kipimo cha nyanya ni gorogoro tatu za unga wa mahindi kwa gorogoro moja ya kimea, na jerikeni moja ya maji. Gorogoro ni kilo mbili, kwa hivyo ni kilo nane za nafaka na lita 20 za maji. Nafaka inakalia lita 5.6. Jumla ni lita 25.6. Busaa ikichacha hupanda kama maziwa yanayochemka, kwa hivyo lazima uache robo ya chombo wazi. Gawanya kwa 0.75, unapata lita 34.

Nikakichukua kile chungu cha watu ishirini, nikakijaza maji kwa jagi la lita moja huku nikihesabu kwa sauti na nyanya akicheka. Kiliishia lita 35.

Alikuwa sahihi bila jedwali. Lakini badala ya kunifundisha unyenyekevu, jambo hilo lilinipa kiburi. Nilisema: basi hesabu inafanya kazi, tununue pipa la lita 200.

*

Ili kuelewa kwa nini nyanya alisita, inabidi turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1902 Waingereza waliitoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuingiza katika himaya yao ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kwa mpango huo, Wateso wa upande wetu wakajikuta wako nchi moja na ndugu zao wa Tororo wako nyingine. Mto Malaba, ambao watu walikuwa wakiuvuka kwenda kuoa na kuzika, ukawa mpaka. Haukukatiza unywaji. Mpaka leo ukienda kwenye matanga upande wowote utakuta nusu ya mirija imeshikwa na watu wa nchi ya pili.

Wakati huo pombe haikuwa biashara. Ilikuwa malipo ya kazi. Mwenye shamba alipika, majirani wakaja kulima au kuvuna, jioni wakaketi kwenye chungu. Ukubwa wa chungu ulifuata ukubwa wa shamba, na ukubwa wa shamba ulifuata idadi ya wake na wimbi lililoko ghalani. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake cha 2002 kuhusu historia ya vileo Afrika Mashariki, anaonyesha jinsi pombe katika jamii nyingi za kanda hii ilivyofungamana na mamlaka ya wazee. Mwenye chungu kikubwa alikuwa mwenye watu.

Halafu ikaja kodi ya nyumba, na kodi ilidai sarafu. Wimbi linaweza kuuzwa, lakini wimbi lililopikwa huuzwa kwa faida zaidi, na mwanamke anaweza kulipika bila kutoka nyumbani. Reli iliyopita Malaba ikafika Kampala mwaka 1931, ikaleta vibarua, makarani na wasafiri wasio na shamba wala ukoo hapa, wenye kiu na wenye senti. Hao hawakuhitaji chungu cha kuzunguka. Walihitaji kikombe. Ndipo busaa ya kukamuliwa na kupimwa kwa mkebe ikapata soko. Kwenye ajon unaalikwa na unaketi. Busaa ya mkebe unainunua, unakunywa, unaenda.

Mafuta ya taa nayo yalileta debe. Debe tupu likawa kipimo cha nafaka, ndoo ya maji na chombo cha kupikia, vyote kwa pamoja. Baadaye likaja pipa la mafuta la lita 200, na mwisho jerikeni ya plastiki. Ukiangalia vizuri, karibu vyombo vyote vya pombe mpakani hapa vilikuja vimebeba mafuta ya mtu mwingine.

Serikali za kikoloni nazo ziligundua kwamba kuna fedha ndani ya chungu. Durban, Afrika Kusini, ndiyo iliyoonyesha njia: kuanzia 1909 manispaa ilijipa haki ya pekee ya kupika na kuuza pombe ya mtama kwa Waafrika, na faida ikalipia gharama za kuwatawala haohao wanywaji. Wanawake waliokuwa wakipika majumbani wakageuka wahalifu. Miaka hamsini baadaye, Juni 1959, wanawake wa Cato Manor walivamia kumbi hizo za manispaa. Nairobi ilifuata mfano wa Durban miaka ya 1920, ikafungua kilabu chake Pumwani. Somo lilikuwa lilelile: pombe ya pipa kubwa la serikali ni mapato, pombe ya chungu cha mama ni kosa.

*

Nyanya aliolewa katika miaka ambayo vilabu vya busaa vilikuwa halali. Sheria ya Pombe za Kienyeji ya 1971 iliweka leseni, na mwenye leseni alipika hadharani. Ndipo alipopata chungu cha watu arobaini. Kilibebwa na wanaume wawili kwa mti, anasema, na barabarani watu walisimama kukitazama. Kwa chungu hicho alilipa karo ya mwanawe wa kwanza, mjomba wangu mkubwa.

Wakati huohuo kulikuwa na mgeni akiandika yale yaliyokuwa yakifanyika kwenye vyungu vyetu. Ivan Karp, mwanaanthropolojia, alifanya utafiti kwa Wateso wa Kenya kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, na mwaka 1980 akachapisha insha nzima kuhusu unywaji wa pombe kati yao. Nilipoisoma chuoni nilishangaa kuona mambo niliyoyajua tangu utotoni yakiitwa nadharia. Alichokiona ni kwamba chungu ni mahali pa undugu na mahali pa hadhari, vyote viwili. Unakunywa na jirani kwa sababu mnapendana, na unakunywa na jirani kwa sababu ungekataa angeuliza unaogopa nini. Ndiyo maana kuna adabu nyingi. Kwetu hupulizi ndani ya mrija. Huushiki kwa mkono wa kushoto. Mtu na mama mkwe wake hawagusani mirija. Na chungu kisiwe kikubwa hata usione uso wa anayeketi mkabala nawe.

Hilo la mwisho halimo kwa Karp. Ni la nyanya. Nilipomuuliza kwa nini cha watu arobaini hakikutumika kunywea, alisema hicho kilikuwa cha kupikia tu. Wakati wa kunywa kiligawanywa katika vidogo viwili au vitatu. "Watu arobaini kwenye chungu kimoja hawazungumzi," alisema. "Wanapiga kelele tu."

Sasa tazama mwaka 1978. Oktoba ya mwaka huo, Rais Jimmy Carter wa Marekani alitia sahihi sheria iliyoruhusu raia kupika bia nyumbani bila kulipa ushuru: galoni 100 kwa mwaka kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, galoni 200 kwa nyumba yenye wawili au zaidi. Galoni 200 ni karibu lita 757. Uingereza ilikuwa imeondoa leseni ya kupika nyumbani tangu 1963. Huko ndiko utamaduni wa majedwali niliyokuwa nikiyasoma ulikochipukia: sheria ilipoachia sufuria ya nyumbani, watu wakaanza kubishana juu ya ukubwa wake.

Mwezi huohuo wa Oktoba 1978 Daniel arap Moi alithibitishwa kuwa Rais wa pili wa Kenya. Kabla miaka ya 1970 haijaisha, serikali yake ilikuwa imefunga vilabu vya busaa. Mwaka 1980 ikaongeza sheria maalum ya kupiga marufuku chang'aa.

Cha watu arobaini kilivunjwa katika kipindi hicho. Nyanya hapendi kusimulia sana. Wanaume walikuja asubuhi, wakauliza leseni, akawaonyesha, wakamwambia hiyo karatasi imekufa. Walikipiga kwa rungu mara tatu. Mara ya kwanza hakikuvunjika.

*

Hapa hesabu inarudi, na inauma.

Busaa ni kubwa, nzito, na haidumu. Siku ya tatu imeshakuwa chachu, siku ya nne ni siki. Inanuka kutoka barabarani. Huwezi kuificha. Tukichukua busaa ya asilimia 4 ya kileo, pipa la lita 200 lina lita nane za kileo halisi. Sasa chukua chang'aa ya asilimia 40. Lita nane zilezile za kileo zinaingia ndani ya jerikeni moja ya lita 20. Jerikeni moja, ambayo mtoto anaweza kuivusha mto kwenye baiskeli, imebeba pipa zima.

Ukiwa mpishi na umekatazwa vyote viwili, utachagua kipi? Wamarekani walijifunza hivyo walipopiga marufuku pombe kati ya 1920 na 1933. Bia ilipotea kwanza, maana pipa la bia halifichiki, pombe kali ikashika nafasi yake. Huku mpakani tulijifunza hilohilo. Marufuku ilivunja vyungu, ikaacha jerikeni. Watu wengi wa rika la mjomba wangu, walioanza kunywa miaka hiyo, hawakuanzia kwenye mrija wala mkebe. Walianzia kwenye glasi ndogo, gizani, wamesimama. Mjomba mwenyewe, yule aliyesomeshwa na chungu cha watu arobaini, alikufa kwa hiyo glasi ndogo. Sisemi kwamba sheria ilimuua. Alikuwa mtu mzima. Ninasema tu kwamba nyanya huviweka vifo hivyo viwili, cha chungu na cha mwanawe, katika sentensi moja, na sijaona sababu ya kuvitenganisha.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wengi tunaijua kwa jina la mbunge wake Mututho, ilifuta ile ya 1980. Chang'aa ikaruhusiwa, ati mradi iwe ndani ya chupa ya glasi isiyopungua mililita 250 na yenye maelezo. Ukubwa tena. Nani Amagoro ana kiwanda cha chupa? Baada ya ugatuzi wa 2013, leseni zikahamia kaunti. Na wakati huohuo kampuni kubwa ya bia nchini ilikuwa tayari na jibu lake: Senator, bia ya bei nafuu iliyoingia sokoni 2004, ikapunguziwa ushuru ili ishindane na pombe za kienyeji, inayouzwa kutoka pipa la chuma. Mtama wake hulimwa na wakulima wetu wa magharibi. Unaulima, unaupeleka, na unarudishiwa kwa kikombe cha plastiki.

Sisemi kikubwa ni kibaya kwa sababu tu ni kikubwa. Lakini ukubwa una hatari ambayo chungu hakina. Tarehe 17 Oktoba 1814, pale London, pipa la mbao la kiwanda kimoja karibu na Tottenham Court Road, lenye kimo cha karibu mita saba na bia zaidi ya lita laki tano, lilipasuka. Bia ikavunja ukuta na kuingia mtaa wa maskini. Watu wanane walikufa, wanawake na watoto wakiwemo. Chungu cha nyanya kilipovunjwa, waliolowa ni nguruwe.

*

Turudi kwa lile pipa langu.

Tulilinunua. Lita 200, la plastiki, la buluu. Muuzaji aliapa kwamba lilibeba juisi, na nikalinusa kweli, halikuwa na harufu ya kemikali. Robo ikibaki wazi, lingechukua lita 150 za busaa, yaani kilo 47 za nafaka. Niliandika yote kwenye daftari. Nyanya alisoma, au alijifanya kusoma, akauliza swali moja: "Na utakaangia wapi?"

Sikuwa nimefikiria kikaango. Kilo 47 maana yake ni kilo 35 za unga wa kukandwa na kukaangwa, juu ya bati moja, kwa sepetu moja, kwa kuni ambazo bei yake imepanda kama ya kila kitu. Bati letu linakaanga gorogoro tatu kwa mara moja, karibu saa nzima. Ni mizunguko sita. Na kilo 12 za kimea zinahitaji mahali pa kuanika, na ilikuwa Aprili, mvua kila alasiri. Chombo kinachoamua ukubwa wa pombe yetu hakikuwa pipa hata kidogo. Kilikuwa bati, na jua, na mgongo wa mwanamke wa miaka zaidi ya sabini.

Basi nikafanya kile ambacho mtu mwenye kiburi hufanya akishindwa nusu: nikasema tujaribu kidogo ndani ya kikubwa. Tukapika kipimo cha chungu kimoja, kilo nane, tukamwaga ndani ya lile pipa. Ilifika kimo cha kiganja. Uso mpana, hewa tele juu yake, plastiki nyembamba inayopoa kila usiku. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili mapovu machache. Siku ya nne nilipofungua nilipigwa na siki.

Sasa najua kwa nini. Viini vinavyogeuza kileo kuwa siki huhitaji hewa, na mimi niliwapa uwanja wa mpira. Chungu cha udongo kina tumbo pana na mdomo mwembamba. Kuta zake nene hazipoi haraka. Na ndani ya vitundu vyake vidogo kuna hamira ya pombe iliyopita, kwa sababu nyanya hukisuuza, hakisugui. Lile pipa la buluu halikuwa na kumbukumbu yoyote.

Kilo nane za nafaka, kuni za siku nzima. Nguruwe walikula wakalewa. Nyanya hakunigombeza. Alisema, "Baba, chombo hujazwa. Kama huna cha kukijaza, hicho si chako."

Kwa ile kumbukumbu ya Adungosi tulipika kwa namna yake. Tuliazima. Chungu cha watu ishirini cha kwetu, vingine vitatu vya majirani wa rika lake, na hicho cha watu wanane kwa ajon ya wazee. Kila mama alikaanga kwa bati lake na kuanika kimea kwenye paa lake. Vyungu vinne vya lita 35, kila kimoja robo wazi, ni karibu lita 105. Kwa wageni mia na kidogo, mkebe mmoja mmoja kwa kila mtu na wengine wakirudia. Nyanya alimjulisha chifu kwanza, kama afanyavyo kila mara. Malipo yaligawanywa sehemu nne. Sehemu yetu haikutosha hata kulipia lile pipa.

Jioni ile niliketi nyuma ya wazee nikiangalia kile chungu kidogo. Walikuwa wanane, mirija minane. Mmoja alikuwa amevuka daraja la Malaba asubuhi hiyo. Alisimulia jinsi mwaka 2020, korona ilipofunga mpaka na malori yakapanga foleni isiyoonekana mwisho wake, alizika dada yake upande wa Tororo bila mtu hata mmoja wa upande wa Kenya kuwepo, na bila chungu, maana kushiriki mrija kulikuwa kama kushiriki kifo. Walileta jerikeni, kila mtu akamiminiwa kwenye kikombe chake, akaenda kukinywea mbali. Alisema alikunywa lakini hakuzika. Hakuna aliyemjibu. Mmoja aliongeza maji moto.

Lile pipa la buluu sasa liko chini ya mfereji wa paa, tunakinga nalo maji ya mvua. Kwa kazi hiyo ni zuri sana. Chungu cha watu ishirini kimerudi pembeni mwa jiko. Kwa kuwa kitako chake ni cha mviringo hakiwezi kusimama chenyewe, kwa hivyo kimewekwa juu ya pete nene ya udongo, nyeusi kwa moshi, ambayo nilikuwa nimeiona maisha yangu yote nikidhani imefinyangwa hivyo makusudi. Juzi nilipokuwa nikifagia niliipima kwa mkono. Ni pana mno kuwa ya chungu hiki. Nikamuuliza nyanya imetoka wapi.

"Huo ni mdomo wa kile cha arobaini," alisema. "Waliuacha."